Chuo cha Ardhi na Ilimu ya Kusimamia Majenzi: Kumbukumbu Iliyoandikwa Tabora

Chuo Kikuu Ardhi kiko Dar es Salaam, juu ya kilima kiitwacho Observation Hill, jirani ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na msomaji ana haki ya kuuliza kwa nini kumbukumbu yake iandikwe Tabora, mji wa bara ulio zaidi ya kilomita 800 kutoka bahari kwa njia ya reli. Jawabu ni kwamba haja iliyokizaa chuo hicho ilijulikana hapa Unyanyembe, nchi inayoizunguka Tabora, mapema kuliko mahali pengi pa nchi hii: haja ya watu wawezao kuishika kazi kubwa tangu siku ya kwanza hata ya mwisho, wakajua itagharimu kiasi gani, itachukua muda gani, itahitaji mikono mingapi, na ni nani atakayeulizwa endapo itaharibika. Ilimu hiyo leo huitwa usimamizi wa majenzi, na hufundishwa kwa shahada. Lakini kabla haijapata jina wala shahada ilikuwa ikitembea kwa miguu katika njia ya misafara, itokayo Bagamoyo, ikapita Mpwapwa na Ugogo, ikafika Tabora, ikaendelea hata Ujiji.

Richard Burton na John Speke walipoingia Kazeh, yaani Tabora ya leo, mwezi wa Novemba 1857 walikuta maskani ya wafanyabiashara wa Omani na Unguja, yenye tembe za kuta nene na mapaa bapa, maghala ya pembe na vitambaa, na bustani zilizopandwa kwa subira ya watu waliokusudia kukaa. Wageni wengi waliopita baada yao wameandika juu ya tembe hizo. Wachache wameandika juu ya hisabu iliyowezesha tembe hizo ziwe na kitu cha kuweka ndani. Msafara wa wapagazi mia kadhaa ulikuwa na kirangozi aliyetangulia na bendera na ngoma, na nyuma yake wanyampara, kila mmoja na kundi lake la watu aliowajua kwa majina na kwa nguvu zao. Mzigo wa mpagazi ulipimwa takriban frasila mbili. Posho iligawiwa kwa siku zilizohesabiwa. Hongo ya watemi wa Ugogo, yaani ushuru wa kupita, ilitengwa kabla ya kuondoka pwani. Na nyika ya Mgunda Mkali, yenye uhaba wa maji, ilipangiwa mwendo wake peke yake. Mwenye msafara aliyekosea hesabu moja katika hizo hakupoteza mali tu, alipoteza watu. Na kwa kuwa njia hiyo hiyo ndiyo iliyowapitisha watumwa, siwezi kuutaja utaratibu wake kwa fahari isiyo na huzuni. Nasema tu kwamba maarifa ya kupanga watu, vitu na wakati hayakuwa mageni kwa Wanyamwezi, na asemaye kwamba yaliletwa na meli hajaisoma vema taarikh ya nchi yetu.

Walichokosa wenyeji, zama za ukoloni zilipokuja, ni kukabidhiwa dhamana. Reli ya Kati ilianza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Morogoro mwaka 1907, ikaingia Tabora mwaka 1912, na ikakoma Kigoma mwaka 1914. Mkandarasi wake alikuwa kampuni ya Philipp Holzmann ya Ujerumani, na wafanyakazi wake walikuwa Waafrika kwa maelfu, Wanyamwezi wengi miongoni mwao, waliokata vilima, wakajaza matuta, wakabeba mataruma ya chuma, wakalaza reli chini ya jua la Ugogo. Kazi ile ilikuwa na daftari lake: ujazo wa udongo wa kuchimbwa, bei ya kila mita ya tuta, ratiba ya kufika mahali fulani kabla ya masika, orodha ya mishahara na ya vifaa vilivyokuwa bado baharini. Daftari hilo lilishikwa na wageni. Mtu wa nchi aliweza kuifanya kazi ile miaka mingi, akawa hodari wa sululu na nyundo, akapanda daraja akawa mnyapara wa genge lake, na bado hapakuwa na njia iliyowekwa ya kumfikisha kwenye meza lilipofunguliwa daftari. Ukitaka kuielewa sababu ya kuwako kwa chuo ninachokiandikia, anzia kwenye meza hiyo.

Serikali ya Waingereza iliyofuata ilifungua shule, lakini kila shule ilikuwa na mpaka wake. Shule ya Serikali ya Tabora, iliyoanzishwa katika miaka ya 1920, ilikusudiwa kwanza kwa wana wa watemi, ili wapate kuwa watawala na makarani wazuri. Shule za ufundi za Ifunda na Moshi, zilizokuja katika miaka ya 1950, zilikusudiwa kuwatoa waashi, maseremala na mafundi wa chuma, na mafundi hao walikuwa wazuri kwelikweli. Nyumba zao zingali zimesimama. Baina ya fundi anayejenga ukuta na mhandisi anayeuchora palibaki pengo pana, na ndani ya pengo hilo ndimo alimopaswa kukaa mtu wa tatu, yaani yule anayejua ukuta huo ni matofali mangapi, utakwisha lini, na fedha ya kuumaliza itatoka wapi. Mtu huyo, aitwaye mkadiriaji majenzi, aghalabu aliagizwa kutoka ng'ambo.

Mwaka 1956 ilifunguliwa shule ndogo ya upimaji ardhi huko Mgulani, Dar es Salaam, mahali panapojulikana sana kwa Jeshi la Wokovu, na mwaka 1958 ikahamishiwa kilimani ilipo hata leo. Haikuahidi makubwa. Kazi yake ilikuwa kuwafundisha vijana wa kumsaidia mpimaji: kushika mnyororo na darubini ya kupimia, kuweka mawe ya mpaka, kuandika vipimo vya pembe katika kitabu cha uwanjani bila kufuta, na kuvigeuza vipimo hivyo vikawa ramani. Lakini katika kazi hiyo duni kwa jina ilikuwamo adabu ambayo chuo hakijaiacha tangu siku ile, nayo ni kwamba neno la mtaalamu lina thamani kwa kadiri linavyoweza kupimwa tena na mwingine. Waliotoka kwa mpimaji wakaenda kwa mkadiriaji walibeba adabu hiyo hiyo. Na mimi naona ni bahati njema kwamba ilimu ya kusimamia majenzi, hapa kwetu, ilikulia katika nyumba ya wapimaji, ambao hawana desturi ya kukisia.

Wakati huo ilimu ya juu ya Afrika Mashariki ilikuwa imegawanywa baina ya miji. Makerere ilikuwa na utabibu, Nairobi ilikuwa na uhandisi na usanifu wa majengo, na Dar es Salaam, ilipofungua mlango wake mwaka 1961, ilianza na sheria. Na mgawanyo huo ulidumu chini ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki tangu 1963 hata 1970. Kwa hiyo kijana wa Nzega au wa Sikonge aliyetaka kuwa msanifu au mkadiriaji majenzi ilimlazimu apate moja ya nafasi chache za Nairobi, au apate msaada wa kwenda Ulaya. Nchi iliyokuwa imejipatia uhuru ilikuwa ikijenga zahanati, mabwawa, shule na viwanda kwa pupa ya mtu aliyechelewa, ilhali waliojua kuuliza kwamba zahanati hii imegharimu zaidi ya ile kwa sababu gani walikuwa wachache.

Hapa Tabora inaingia tena katika habari hii kwa mlango mwingine. Julius Nyerere alisoma katika Shule ya Tabora tangu mwaka 1937, na baada ya Makerere akarudi kufundisha katika shule ya Mtakatifu Maria papa hapa mjini. Mwezi wa Machi 1967, akiwa Rais, alitoa waraka wake wa Elimu ya Kujitegemea, ambao ndani yake aliilaumu shule inayomtenga mwanafunzi na kazi na jamaa zake, ikamfanya adhani kwamba maarifa yote yamo vitabuni. Miaka saba baadaye, mwezi wa Novemba 1974, Azimio la Musoma likaamua kwamba kijana amalizaye kidato cha sita asipokelewe chuo kikuu mpaka amekwisha kufanya kazi na kushuhudiwa na wale aliofanya nao. Watu wameyajadili maamuzi hayo kwa mapana, na si kila lililotendwa kwa jina lake lilifaulu. Mintarafu ya majenzi, hata hivyo, naamini Mwalimu Nyerere alisema jambo ambalo kila msimamizi wa saiti angelitia sahihi: mtu hafundishwi kuongoza genge la watu arobaini kwa kuandika insha juu ya genge la watu arobaini.

Ule mwaka wa Azimio la Musoma ndio mwaka ambao shule ya kilimani ilipata hadhi mpya, ikawa Chuo cha Ardhi. Tangu 1972 stashahada zilikuwa zimekwisha kuanza katika upimaji, katika usimamizi wa ardhi na uthamini, na katika mipango ya miji na vijiji. Na miaka iliyofuata ikaongeza fani za majengo, yaani ubunifu wa majengo, uhandisi wa afya ya jamii, na ile ambayo kwayo naandika, uchumi wa majenzi. Katika mlima jirani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilikuwa kimefungua Kitivo cha Uhandisi mwaka 1973 kwa msaada wa Ujerumani Magharibi, na kikaweka sharti kwamba likizo ndefu za wanafunzi zitumike viwandani na kwenye kazi za ujenzi. Vyuo viwili hivyo, vilivyoweza kuonana kwa macho, vikawa vinaiendea haja moja kwa njia mbili: kimoja kwa nguvu za vitu, kingine kwa thamani na matumizi yake.

Ni vema nieleze kwa wasaa kidogo kile alichofundishwa mwanafunzi wa uchumi wa majenzi, maana wengi wanaodhani wanakijua huishia kwenye jumlisha na toa. Kwanza alifundishwa kuisoma ramani mpaka aione nyumba isiyokuwapo: msingi, jamvi, kuta, lenta, kenchi, bati, bomba la maji yasiyoonekana. Kisha akafundishwa kuivunja nyumba hiyo katika karatasi zenye safu, kila kitu kwa kipimo chake, udongo kwa mita za ujazo, lipu kwa mita za mraba, nondo kwa uzito, milango kwa idadi, asiache kitu na asihesabu kitu mara mbili. Na kutoka karatasi hizo likazaliwa daftari la vipimo na bei ambalo makandarasi wote hulijua kwa herufi tatu za BOQ. Hapo ndipo ugumu unapoanza, kwa kuwa kipimo ni kimoja kila mahali, lakini bei haiko moja. Mfuko wa saruji uliotoka kiwandani pwani haubaki na bei yake ukifika Tabora, wala ukipelekwa Kaliua kwa barabara ya vumbi. Mbao za mninga, ambazo misitu ya miombo ya Tabora imesifika kwazo, huwa karibu hapa na ghali huko zisikoota. Mchanga wa mto fulani una chumvi au udongo. Na mvua za Unyamwezi, zianzazo Novemba na kwisha yapata Aprili, hugeuza shimo la msingi likawa kisima na ratiba ya mtu asiyeijua nchi ikawa maneno matupu. Mkadiriaji aliyejifunza bei katika kitabu cha nchi nyingine hana faida hapa. Fauka ya hayo alifundishwa sheria ya mikataba, hati za malipo, namna ya kupima kazi iliyokwisha kufanywa ili mkandarasi alipwe haki yake na mwenye mali asilipe kilichokuwa bado, na namna ya kuamua magomvi kabla hayajafika mahakamani. Mtu aliyepita katika mafundisho hayo kwa ukamilifu ni mlinzi wa fedha za watu, na fedha hizo aghalabu ni za umma.

Wahitimu wa kwanza walitoka wakati kazi zilikuwa zikiwangoja. Baada ya Azimio la Arusha mashirika ya umma ndiyo yaliyobeba sehemu kubwa ya majenzi: Shirika la Nyumba la Taifa, lililoanzishwa mwaka 1962, MECCO, kampuni ya umma ya ukandarasi, na baada ya uamuzi wa mwaka 1973 wa kuhamisha makao makuu, Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu huko Dodoma, mji uliomo katika reli ile ile ya kwetu. Mwaka 1979 ilitungwa sheria ya kuunda Baraza la Taifa la Ujenzi, kwa muradi wa kuikuza kazi ya ujenzi iwe fani yenye mwongozo, na isiwe soko la kila mwenye nguvu. Kijana alimaliza chuo akapewa barua inayomwambia aende wapi. Na barua nyingi zilielekea bara. Wazee wa hirimu hiyo ambao nimepata kuzungumza nao hukumbuka barua hizo kwa namna mbili: kwa shukrani, kwa kuwa hakuna aliyekaa bila kazi, na kwa malalamiko, kwa kuwa saruji, nondo na dizeli vilikuwa haba katika miaka ya 1980 kiasi cha kuwafanya wasimamizi wawe mabingwa wa kusubiri. Mimi nadhani shida ile iliwafunza kitu. Msimamizi aliyelazimika kupanga kazi bila kujua behewa la saruji litafika lini alijifunza kuitofautisha kazi isiyoweza kusimama na kazi iwezayo kungoja, na hiyo ndiyo nusu ya ilimu yote ya kupanga majenzi.

Mageuzi ya uchumi yaliyokuja baadaye yaliufuta ulimwengu huo. Mashirika ya ujenzi ya umma yalidhoofu, makandarasi binafsi wakaongezeka, kampuni za nje zikaja na miradi iliyofadhiliwa na nje, na barua ya kumpangia mhitimu kituo ikakoma kuandikwa. Katika mazingira hayo, tarehe 1 Julai 1996, Chuo cha Ardhi kikawa Chuo Kikuu Kishiriki cha Ardhi na Usanifu Majengo chini ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na stashahada ya juu ikageuka shahada. Mwaka uliofuata, 1997, Bunge lilipitisha sheria tatu zilizofuatana, zikaunda bodi tatu: ya wahandisi, ya wabunifu majengo na wakadiriaji majenzi, na ya makandarasi, ambao huwekwa katika madaraja tangu la saba hata la kwanza. Kwa sheria hizo cheti cha chuo kikaacha kuwa mwisho wa safari. Mhitimu wa uhandisi sharti afanye kazi chini ya mwangalizi kabla ya kusajiliwa, na tangu 2003 Bodi ya Usajili wa Wahandisi ina mpango maalumu wa miaka mitatu kwa ajili hiyo. Mhitimu wa usanifu na wa ukadiriaji naye hudaiwa muda wa kazi na mtihani wa taaluma. Mwaka 2007 kilima kikapata uhuru kamili, jina likawa Chuo Kikuu Ardhi, na Makamu Mkuu wa Chuo wa kwanza akawa Profesa Idrissa Mshoro. Leo usanifu wa majengo, uchumi wa majenzi na usimamizi wake vimekaa katika shule kuu moja ya chuo hicho, jambo ninalolipenda, maana mchoraji na mhesabu wakilelewa pamoja hujifunza mapema kutoogopana.

Nimefikia sasa jambo ambalo kwangu ndilo moyo wa taarikh hii, nalo ni mafunzo kwa vitendo. Kila mwaka, masomo yakisha, wanafunzi huondoka kilimani wakatawanyika nchini, kila mmoja na barua ya chuo na kitabu cha kumbukumbu ambamo ataandika alichokifanya siku kwa siku, kisomwe na mwenyeji wake na mwalimu atakayekuja kumkagua. Kitabu hicho kinaweza kuwa kitu kikubwa, na kinaweza kuwa si kitu kabisa. Nimeona saiti ambazo mwanafunzi alipokelewa na msimamizi mwenye imani, akapewa siku ya kwanza jukumu dogo lenye hatari ndogo, kama vile kuhesabu mifuko iliyoingia na iliyotumika na kueleza jioni kwa nini hesabu mbili hazilingani. Wiki ya tatu akasimama kando ya fundi mkuu wakati wa kumwaga zege, akajua kwa nini kazi hiyo haikatizwi mchana kwa sababu ya chakula. Na mwezi wa pili akaketi katika kikao cha saiti, akawasikia mkandarasi na mshauri wakibishana juu ya siku kumi za mvua. Na nimeona saiti nyingine ambazo mwanafunzi aliachwa chini ya mwembe na simu yake, au akafanywa tarishi wa kununua vocha na chai, kisha siku ya mwisho kitabu chake kikapigwa muhuri kurasa zote kwa pamoja. Mwanafunzi wa pili ameibiwa, na aliyemwibia hahisi kwamba ameiba.

Fundi mwashi ana sehemu kubwa katika mafunzo haya kuliko anayopewa katika taarifa za vyuo. Mwashi wa Tabora aliyejenga miaka thelathini hujua kwa kuugusa mchanganyiko kwamba maji yamezidi. Hujua tofali lipi la kuchoma limeiva na lipi litamumunyika masika. Hujua mchwa wataingilia wapi. Mwanafunzi mwenye adabu humwita mzee au fundi, humsalimu kabla ya kumwuliza, na hupokea kutoka kwake kwa saa moja kile ambacho darasa lingempa kwa muhula. Mwanafunzi anayeingia saiti na kofia nyeupe akiwaamuru watu wenye umri wa baba yake hujifunza machache, na mabaya zaidi, hufichwa makosa, kwa kuwa hakuna kibarua amwambiaye mtu mwenye kiburi kwamba nondo zilizowekwa usiku ni chache kuliko za kwenye mchoro. Chuo kinachotaka wahitimu wake wafae kazini sharti kiifundishe heshima hii kwa makusudi, maana usalama wa jengo hupitia humo.

Sisemi hayo kwa kuremba maneno. Tarehe 29 Machi 2013, siku ya Ijumaa Kuu, jengo la ghorofa 16 lililokuwa likijengwa katika mtaa wa Indira Gandhi, Dar es Salaam, lilianguka likaua watu 36. Na tarehe 16 Novemba 2024 jengo lenye maduka lilianguka Kariakoo, likaua watu zaidi ya 20. Hukumu ya sababu za kila tukio ina mahali pake, nami si hakimu. Ila kila aliyewahi kusimamia saiti anajua kwamba jengo haliporomoki kwa neno moja. Hupita kwanza katika mikono mingi, ya anayechora, anayeidhinisha, anayenunua, anayechanganya, anayepima, anayetia sahihi, na katika kila mkono palikuwa na nafasi ya mtu mmoja kusema simamisheni kazi. Kumwandaa kijana aweze kulisema neno hilo mbele ya tajiri mwenye haraka ni sehemu ya ilimu ya usimamizi wa majenzi, hata kama haina mtihani wa karatasi, na chuo kikuu kisichomwandaa kwa hilo kimempa nusu tu ya alichomwahidi.

Wakati huu njia ya misafara inajengwa kwa mara ya tatu. Reli mpya ya kisasa, ambayo mwaka 2024 ilianza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Dodoma, ina vipande vitatu vinavyokutana hapa kwetu: Makutupora hadi Tabora, kilomita 368, mkataba wake ukitiwa sahihi mwezi wa Desemba 2021, Tabora hadi Isaka, kilomita 165, na Tabora hadi Kigoma, kilomita 506, mikataba ya mwaka 2022. Vipande viwili vya kwanza vilipewa kampuni ya Yapı Merkezi ya Uturuki, na cha tatu kampuni za China. Mara ya kwanza njia hii ilitengenezwa na nyayo za wapagazi na hesabu za wanyampara. Mara ya pili ilitengenezwa na mikono yetu na daftari la wengine. Katika mara hii ya tatu wako wahandisi na wakadiriaji wa Kitanzania wanaokaa kwenye meza za mkandarasi, za mshauri na za Shirika la Reli, na baadhi yao wametoka kilimani. Tofauti hiyo na mwaka 1912 ni kubwa, na waliofundisha tangu zama za mnyororo wa Mgulani wanastahili kuionea fahari. Lakini meza hizo zina viti vya mbele na viti vya nyuma, na rai yangu ni kwamba kiasi cha mafanikio ya chuo kipimwe kwa viti vya mbele: ni wangapi wanaoandaa ratiba kuu ya mradi, ni wangapi wanaojadili bei na mkandarasi mkuu, ni wangapi ambao sahihi yao ndiyo inayoachilia malipo.

Kwa sababu hiyo naona chuo kingefanya vema kukaa na mamlaka za mkoa huu na wenye miradi ili wanafunzi wengi zaidi waletwe Tabora, Urambo, Kaliua na Nzega, wala wasibanwe wote katika majengo marefu ya Dar es Salaam. Hapa watakutana na kazi ambazo pwani hazipatikani kwa ukamilifu wake: tuta la reli, daraja la mto wa msimu, shule ya kijiji inayojengwa kwa nguvu za wananchi na fedha za serikali pamoja, ambamo mhesabu hulazimika kuthamini hata mchanga ulioletwa na wanakijiji kwa mikokoteni ya ng'ombe. Watakutana pia na ndugu zao wa taaluma, kwa kuwa mji huu una Chuo cha Ardhi Tabora, kinachofundisha utayarishaji wa ramani, usimamizi wa ardhi, uthamini na usajili, na una chuo cha VETA kinachowalea mafundi. Mkadiriaji, mrasimu na fundi wakijuana wakiwa vijana, barua nyingi za lawama hazitaandikwa watakapokuwa wazee.

Liko jambo moja la mwisho ambalo chuo chenyewe ndicho chenye uwezo wa kulitenda. Wale waliohitimu kabla ya mwaka 1996, wenye stashahada za juu za Chuo cha Ardhi, waliosimamia majenzi ya miaka ya uhaba katika wilaya ambazo hazikuwa na barabara ya masika, sasa ni wazee. Baadhi wametangulia mbele ya haki, na walio hai wana makabati yenye madaftari ya vipimo, orodha za bei za mwaka 1983 au 1987, picha za misingi ya shule na hospitali, na barua walizoandikiana na wizara kuhusu saruji isiyofika. Watoto wao huyaona makaratasi hayo kuwa uchafu wa nyumba. Maktaba ya kilimani ingewatuma wanafunzi wa mwaka wa tatu, katika ule ule muda wa mafunzo kwa vitendo, wakayakusanye wilaya kwa wilaya, wakawahoji wenyewe, wakaandika ni jengo gani lilijengwa na nani, kwa fedha gani na kwa muda gani. Na kazi hiyo ingeanza Tabora, ambako boma la Wajerumani, stesheni ya reli, Shule ya Tabora, na majengo ya mashirika ya umma yamesimama karibu kiasi kwamba mwanafunzi mmoja mwenye kanda ya kupimia na daftari anaweza kuyapima yote katika likizo moja.